Mtu wa Nyuma

Washenga waliingia uani kwa Mzee Salumu, pale Mtawanya, wakati binti yake Shamsia yuko juu ya banda la kuku akiziba tundu, suruali ya kambini ameikunja hadi magotini na masizi ya juzi bado yamemganda shingoni. Shangazi yake, Bi Mwajabu, ana sauti ambayo ikipanda abiria wa Ikwiriri huanza kuokota mizigo yao wakidhani basi limepiga honi. Safari hii alinong'ona. Hapo ndipo Shamsia alipojua kuwa jambo ni zito. Aliteremka kwa kuruka, akasukumiwa jikoni kama gunia la mpunga, na humo, katikati ya moshi wa kuni, akasikia jina la Zaidi likitajwa ukumbini.

Alicheka peke yake, kiganja mdomoni.

Yeye na Zaidi walikuwa wamekubaliana posa ije baada ya mtihani. Zaidi mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, wamekaa juu ya kisiki wote wawili, weusi kwa majivu hata meno yao yalionekana ya kuazima. Kwanza cheti, alisema, kisha posa, kisha kituo kimoja cha kazi ng'ambo ya Utete, na watoto watakaowazaa hawataogopa kiberiti. Sasa kumbe ameshindwa kungoja. Na msichana gani atamkasirikia mwanamume kwa kosa la kushindwa kungoja?

Kambi yenyewe ilikuwa nje kidogo ya kijiji, baada ya mikorosho, mahali vijana walipofundishwa kazi ya kuzima moto wa msituni. Huku moto hauanzi kwa bahati mbaya tu. Mrina asali anafukuza nyuki, mchoma mkaa anasinzia, mkulima anasafisha shamba la ufuta na upepo unamsaidia kuliko alivyoomba. Wazee wa Mohoro wanaapa kwamba mwaka mmoja waliuona moto umefika ukingoni mwa mto, ukasimama, ukatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mtumbwi, halafu ukavuka. Mkufunzi Yassin, mtu mkavu aliyeonekana kama aliwahi kuungua akazimwa, hakukanusha habari hiyo. Alisema tu kwamba moto usiovuka bado hajaonana nao.

Kazi walifanya wawiliwawili. Wa mbele anaukabili moto kwa reki na kipigio cha mpira, pampu ya maji mgongoni, na haoni kitu kingine ila ndimi za moto. Wa nyuma anashika mkanda uliofungwa kiunoni mwa mwenzake, na kazi yake si kuutazama moto. Anatazama upepo, cheche zinazoruka nyuma, tawi linalotaka kuanguka, na njia ya kutokea. Akivuta mkanda, wa mbele anarudi bila kuuliza. Na wa mbele hageuki. Hilo Mkufunzi Yassin alilisema kila asubuhi baada ya salamu, hata wengine wakaanza kuliota: kila ukigeuka, moto unapiga hatua.

Kuna wapenzi wanaoanza kwa kutazamana. Hawa walianza kwa mkanda. Mkufunzi aliwapanga jozi moja bila kuwauliza, na Shamsia akajikuta siku nzima kiuno chake kimeshikwa na kijana wa Kibiti mjini, mrefu, mwenye kofia isiyokaa sawa hata akiisawazisha kwa mikono miwili. Hakumwona uso kwa muda mrefu. Alimjua kwa uzito wa mkono wake. Jioni moja walipokuwa wanaosha vyombo vya kazi, Zaidi alimwambia kwamba akiwa nyuma yake husahau hata kama kuna moto. Shamsia akamjibu kwamba basi siku moja watakufa wote. Walitazamana, maji ya bomba yakaendelea kumwagika, na fundi wa kambi akawafokea kwa ajili ya maji.

Hayo ndiyo aliyokuwa anayakumbuka jikoni, huku ukumbini wazee wakikohoa kikohozi cha kukubaliana.

Posa ilipokelewa. Kisha mshenga, Mzee Twalibu, ambaye hawezi kusema jambo moja bila kulivalisha kanzu, alizunguka kwa habari ya mvua, ya korosho, ya kiboko aliyemsalimia kule mtoni kwa jina lake na la baba yake, na mwisho akatua alipotaka. Upande wa mume wanaomba mwali awekwe ndani tangu sasa. Arusi iwe baada ya mavuno ya ufuta.

Si kila nyumba bado inashika desturi hiyo, lakini kwa Mzee Salumu ilishikwa. Msichana aliyeposwa akiwekwa ndani, havuki kizingiti hadi siku ya arusi. Akivuka, posa imekufa, na aliyekuja kuposa hana la kulaumiwa. Na mtihani wa moto ulikuwa wiki ileile.

Shamsia alimsihi mama yake. Mama alisema si wao walioomba haraka. Shamsia akampigia Zaidi simu, amejifunika shuka kichwani ili shangazi asisikie.

"Ni wazee," Zaidi alisema, sauti yake laini. "Nimewaambia hapana, hawasikii. Unawajua wazee."

"Na mtihani?"

"Nitazungumza na Mwalimu Yassin. Atakuahirishia. Vumilia, mpenzi. Mimi si nipo?"

Alivumilia. Angekwambia nani usimwamini mtu ambaye umempa kiuno chako katikati ya moto, akakutoa mzima kila mara?

Basi mafunzo mengine yakaanza. Somo wake, Bi Zamda, alikuja na kinu, liwa, maua ya asumini na maneno ambayo hayaandikiki. Alimsugua singo, ule mchanganyiko wa liwa na maua, hadi masizi yakatoka shingoni yakaacha ngozi ya rangi ambayo Shamsia alikuwa ameisahau. Alimfundisha kukaa, kuinuka, kupokea kikombe. Alipomwambia apepee kwa upole, kama anayempepea bwana aliyechoka, Shamsia alipiga upepeo chini kwa nguvu zote hadi taa ya kandili ikaanguka. Mkono ulikwenda wenyewe, kama kambini. Bi Zamda aliisimamisha kandili, kisha akasema bwana wa namna hiyo atakuwa hachoki mara mbili.

Waliangua kicheko wote. Lakini simu ya Zaidi ilikuwa haipokelewi tena.

Siku ya kuamkia mtihani, alasiri, alikuja Muzdalifa. Huyu walilala naye hema moja kambini, wakagawana sabuni. Aliingia chumbani kwa mwali bila kutabasamu, akaweka vitumbua chini, akakaa mbali.

"Nimekuja kukupa hongera," alisema. "Ingawa ungeniambia mwenyewe."

"Niliposwa ghafla, mwenzangu."

"Sisemi posa. Nasema kuacha. Mtu anaacha kazi aliyoililia kwa baba yake mwaka mzima, anamtuma mchumba akamwambie Mwalimu, mimi nasikia kwenye mstari na wengine."

Shamsia alimwuliza nani kaacha. Muzdalifa akamkazia macho, akidhani ni mzaha wa mwali. Alipoona si mzaha, alisogea karibu, akasema polepole, kama mtu anayetembea juu ya kuti bovu. Zaidi alisimama mbele ya Mkufunzi Yassin akasema Shamsia amebadili nia. Kwamba yeye mwenyewe ameomba awekwe ndani upesi, maana moto umemchosha. Mkufunzi hakupenda, kwa kuwa kila mtu kambini alijua kwamba Shamsia akifaulu ndiye atakayeongoza kikosi kule ng'ambo ya Utete. Sasa wanamtaja Zaidi.

"Tena aliniambia nisije," Muzdalifa alisema. "Alisema una haya, hutaki kuonana na watu wa kambi."

Shamsia hakulia. Aliokota kitumbua, akakishika, akakirudisha. Alichokuwa anakifikiria ni ile sauti laini ya kwenye simu. Kama angemdanganya kwa ukali ingemuuma kidogo tu.

Baba yake alikuwa barazani akishona jamvi. Shamsia alikaa upande wa ndani wa mlango, kizingiti kati yao, akamwuliza Zaidi alimwambia nini kuhusu mtihani.

"Alisema kambi imekubali," Mzee Salumu alijibu. "Mtihani wako mwakani. Alisema mmepanga wote wawili."

"Baba, mtihani ni kesho. Sikupanga kitu."

Mzee alishona mshono mmoja, akaufumua. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupinga habari za kambi, binti kulala msituni na wanaume. Aligomba na dunia nzima, akashindwa na huyu mmoja. Na sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa ametulia, binti yuko ndani, watu wanamsalimia msikitini kwa heshima.

"Ukitoka, posa imekufa," alisema. "Na wewe ndiye utakayesemwa. Yeye hataguswa na mtu."

"Najua."

"Unampenda?"

Shamsia aliinamia kizingiti, akakikwangua kwa ukucha.

"Mimi alfajiri nakwenda kuswali," Mzee Salumu alisema hatimaye. "Sijawahi kuwa bawabu, na sitaanza uzeeni."

Asubuhi Shamsia alifika kambini jua linachomoza, na harufu ilitangulia. Singo ya Bi Zamda si ya mchezo. Watu wanasema nyuki wa Mtawanya walimsindikiza hadi kwenye mikorosho ndipo wakaona aibu wakarudi. Vijana kwenye mstari waligeuka mmoja baada ya mwingine. Yuko ndani ya buti na suruali ileile, ananukia arusi.

Zaidi alimwona, kofia imemkaa upande, akaishika kwa mikono miwili.

"Niliambiwa umeacha," Mkufunzi Yassin alisema.

"Nani kakwambia, Mwalimu?"

Mkufunzi hakumtaja. Alimtazama Zaidi mpaka Zaidi akainama kufunga kamba ya buti iliyokuwa imefungwa tayari. Kisha akasema ya nyumbani ni ya nyumbani, na jozi ni zilezile alizozipanga yeye. Mudy, aliyekuwa amepewa nafasi ya nyuma kwa Zaidi, akatoa mkanda kiganjani mwake akamkabidhi Shamsia.

Moto uliwashwa kwenye nyasi za ukingoni mwa msitu. Kila jozi ilitakiwa kuuzuia usifike kwenye kinga, ule ukanda uliofyekwa hadi udongo, kwa zamu: mmoja mbele, kisha mwingine. Zaidi alianza mbele. Shamsia alishika mkanda wake. Jasho la mgongo ule alilijua. Upepo ulipinda, cheche ikapita juu ya bega la Zaidi ikatua nyuma yake, kwenye majani makavu. Zaidi hakuiona. Wazo lilimjia Shamsia kwamba angeweza kuchelewa, kidogo tu, hakuna ambaye angejua. Akavuta mkanda, akamtoa, akaizima kwa buti. Aliichukia mikono yake kwa kuwa miaminifu.

Kisha zamu ikawa yake.

Alikaza pampu, akainua kipigio, akaukabili moto. Nyuma yake mkono ulishika mkanda, uzito uleule. Alipiga mara moja, akageuka. Akapiga tena, akageuka. Hakukusudia. Shingo ilikwenda yenyewe, kama mtu aliyesikia hatua kwenye nyumba asiyoijua. Yeye, ambaye Mkufunzi alimtolea mfano kwa kutogeuka. Moto ulisogea. Akageuka tena, akamwona Zaidi yuko palepale, ameshika vizuri, anatazama upepo kama alivyofundishwa. Hakuna alichokosea. Hilo ndilo lililomtisha.

Filimbi ililia. Mudy na Muzdalifa wakaingia kuushikilia moto.

"Anayegeuka hapati cheti," Mkufunzi Yassin alisema. "Unalijua hilo kuliko wote hapa. Kunyweni maji. Mkirudi uniambie unataka nini."

Alikuwa amemfungulia mlango, na wote watatu walijua. Wa mbele ana haki ya kuomba abadilishiwe mtu wa nyuma, na haulizwi kwa nini. Lakini aliyekataliwa anarudi kwao siku hiyohiyo, kwa kuwa hakuna kikosi kinachopokea mtu ambaye mwenzake hamtaki nyuma yake. Tangu kambi ifunguliwe hakuna aliyewahi kuomba.

Walisimama penye pipa la maji. Zaidi alimpa kikombe, hakukipokea.

"Nilitaka kukulinda," Zaidi alisema.

"Na nini?"

"Na moto."

"Moto ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Wewe ndiye uliyekuwa unanivika kofia nikiukabili. Sema kweli, Zaidi. Nimevuka kizingiti cha baba kwa ajili ya kuisikia."

Alizungusha kikombe mkononi. Kisha kweli ikatoka, na ilikuwa ndogo, ndogo hata Shamsia aliona aibu kwa niaba yake.

"Walinicheka stendi. Mrisho na wenzake. Walisema asubuhi nitakupigia saluti, na usiku nitaomba ruhusa ya kugeuka kitandani. Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani ikawa haitoki kichwani."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini? Kwamba namwonea wivu mke wangu?"

"Ndiyo. Hivyohivyo. Ningenuna, ningekutukana hata kwa Kindengereko. Halafu tungekaa tukapanga."

"Bado tunaweza kupanga."

"Ulimwambia baba kambi imeniahirishia. Ukamwambia Mwalimu nimechoka. Mimi ukaniambia ni wazee. Kila mtu ulimpa cha kuamini, na cha kwangu ndicho ulichokisema kwa sauti nzuri kuliko vyote."

Zaidi aliutazama mstari, wenzao weusi kwa moshi, Mkufunzi aliyegeukia upande mwingine kwa makusudi.

"Nikirudi Kibiti leo bila cheti, nitakwisha. Shamsia, nakuomba. Geuka mbele tu, umalize. Mimi nitakushika. Si nimekushika siku zote?"

"Ulinishika. Nisingekuwa hapa."

"Basi?"

"Basi ndiyo maana sikujua unanidanganya."

Alikuwa analia sasa Zaidi, waziwazi, bila kujipangusa, na kofia imeteleza hadi jichoni. Mkono wa Shamsia ulinyanyuka nusu kuisawazisha. Akaurudisha.

"Hunipendi tena," alisema Zaidi.

"Ingekuwa hivyo ningekuwa nimeshamaliza mtihani. Usiku kucha nilikaa nakuchukia, nikadhani yamekwisha. Leo nimekuona tu nikajua bado. Lakini kukupenda naweza hata nikiwa mbali, Zaidi. Kukuweka nyuma yangu kwenye moto siwezi."

Alirudi kwenye mstari. Sauti yake ilitoka kavu, na watu walioisikia wanasema hata moto ulipunguza kelele ili usikie vizuri.

"Mwalimu, nibadilishie mtu wa nyuma."

Mkufunzi Yassin hakuuliza kitu. Alimwita Muzdalifa.

Adhuhuri ilipoadhiniwa Shamsia alikuwa kwao. Habari, kama kawaida ya habari za huku, ilikuwa imemtangulia, imeoga na kula. Ukumbini Bi Mwajabu alikuwa amekaa chini miguu imenyooshwa, kanga kichwani, kama kuna msiba. Mzee Twalibu alikuwa ameshaitwa na yuko barazani, kwa mara ya kwanza maishani mwake hana hadithi. Bi Zamda alikuwa anafungasha kinu chake.

"Umefaulu?" Mzee Salumu aliuliza.

"Nimefaulu, baba."

"Na yeye?"

Shamsia alivuka kizingiti, akakaa pembeni mwa shangazi yake. Buti hakuvua. Machozi yaliyokataa kutoka tangu jana yalikuja yote kwa pamoja, na Bi Mwajabu, aliyekuwa ameandaa maneno ya kumsema hadi magharibi, alijikuta ameshika kichwa kile chenye majivu na asumini, amekikumbatia kifuani.

Mzee Salumu aliwaacha kwa muda. Kisha akamwambia mshenga kwamba ni heri lifanywe mapema: aende Kibiti sasa hivi, awaambie watu wa upande wa pili kuwa posa imevunjika, wasisikie kwa wapita njia. Mzee Twalibu akainuka, akatafuta kofia yake.

"Kesho, baba," Shamsia alisema, uso bado umefichwa kwenye kanga ya shangazi.

"Kesho ya nini, mwanangu? Si umeshaamua?"

"Nimeamua. Aende kesho. Leo niachieni. Leo bado ni mchumba wangu."